Kikao na Mfuko: Historia ya Mabaraza ya Wilaya Mkoani Singida

Mkoani Singida, kama kwingine nchini, diwani ndiye anayebeba lawama barabara ikiharibika, zahanati ikikosa dawa au darasa likisimama bila paa. Anaambiwa amelala, anagonga meza tu, anafuata posho ya kikao. Zipo lawama za haki humo, lakini zinaanzia mwisho wa hadithi. Anayefuatilia jinsi mabaraza ya wilaya yalivyozaliwa, yakafutwa na kurudishwa katika ukanda huu wa kati ya nchi atakuta jambo linalojirudia. Baraza halijawahi kupoteza nguvu zake kwa sababu ya udhaifu wa wajumbe wake peke yao. Kwanza mapato yake huhamishwa au kufutwa, kisha kazi zake, na ndipo watu huanza kusema kwamba vikao vyake havina maana. Hoja yangu ni kwamba uamuzi wa halmashauri hupimwa kwa fedha iliyo chini ya mamlaka ya wanaopiga kura ndani ya ukumbi, na historia ya Singida inaliunga mkono hilo kuliko maelezo mengine ninayoyajua.

Kabla ya wageni, kuamua mambo ya pamoja hakukuwa jambo geni huku. Wanyaturu hawakuwa na mtawala mmoja juu ya nchi yao yote. Mashauri ya ardhi, mifugo, mahari na ugomvi yalikatwa na wazee wa koo waliokaa hadi wakakubaliana. Kwa jirani zao Wanyisanzu, mamlaka yalishikamana na mvua, na matambiko yake yalisimamiwa na mwanamume na mwanamke wa ukoo wa kitemi huko Kirumi. Siyatukuzi mabaraza hayo. Wanawake na vijana wengi hawakuwa na sauti katika vikao vya wazee. Ila waliokaa kuamua walikuwa wanaamua juu ya ng'ombe wao, mashamba yao na nguvu kazi yao wenyewe. Wajerumani walipojenga maboma Kilimatinde na Mkalama na kupanga maakida na majumbe, walitenganisha uamuzi na mali inayoamuliwa. Kodi ya kibanda, iliyotangazwa katika koloni lao mwaka 1897, ilitoka kwa mwananchi, na matumizi yake yakaamuliwa bomani. Upinzani unaohusishwa na Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye jina lake leo limepewa uwanja wa mpira mjini Singida, uliibuka katika miaka hiyo ya kukusanyiwa bila kuulizwa.

Waingereza walikuja na mpango mwingine. Gavana Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, alipitisha mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, na machifu wakapewa mahakama, uwezo wa kutunga maagizo madogomadogo na, lililo kubwa kuliko yote, hazina. Sehemu ya kodi ilibaki katika hazina hiyo ili ilipe makarani, matarishi, barabara za udongo na shule. Kwa Wanyaturu mpango huu ulileta machifu mahali ambapo hapakuwa na chifu wa aina hiyo, na ni kweli kwamba wengi waliheshimika zaidi bomani kuliko vijijini. Mtu anaweza kuuliza: chombo cha kikoloni kilichobuniwa kurahisisha utawala kinawezaje kuhesabiwa kuwa babu wa halmashauri ya leo? Nakubali kwamba hakikuwa chombo cha wananchi, maana mkuu wa wilaya Mwingereza alikuwa na neno la mwisho kwenye bajeti. Lakini hapo ndipo katika wilaya za Jimbo la Kati, yaani Singida, Iramba, Manyoni na nyinginezo, palipoanza desturi ya kuandika makisio ya mapato na matumizi ya eneo, kuyajadili mbele ya watu walioitwa kwa jina la eneo hilo, na kuweka muhtasari. Watu wakajifunza kuuliza fedha yao imekwenda wapi. Miaka ya 1950, kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1953, swali hilo lilianza kuingia katika mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa.

Uhuru ulipokuja, halmashauri za wilaya zilichukua nafasi ya mamlaka za wenyeji kuanzia 1962, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Mwaka huohuo Singida ikawa mkoa. Miaka iliyofuata inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndimo linamoonekana wazi kabisa jambo ninalolidai. Halmashauri mpya zilibebeshwa shule za msingi, zahanati, barabara za ndani na maji, wakati tegemeo lao lilikuwa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Mwaka 1969 serikali ikafuta vyote viwili. Nia ilikuwa njema: kodi ya kichwa ilimlemea maskini sawasawa na tajiri, na ilikusanywa kwa kukimbizana. Lakini halmashauri ziliachiwa kazi bila chakula. Mishahara ikachelewa, huduma zikadorora, na miaka mitatu baadaye udhaifu huo ukatajwa kama sababu ya kuzifuta. Mwaka 1972, katika mfumo wa Madaraka Mikoani ulioandaliwa kwa msaada wa washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, halmashauri za wilaya zikaondolewa. Mfuko ulitangulia mwaka 1969, na kikao kikaufuata mwaka 1972. Mpangilio huo wa miaka unasema mengi kuliko hotuba zilizotolewa wakati ule.

Utetezi mkubwa wa hatua ya 1972 unahusu usawa, na kwa mkoa kama Singida si utetezi wa kupuuzwa. Hii ni nchi kame, yenye mvua ya msimu mmoja isiyotabirika. Wakulima wake wanategemea uwele, mtama na mifugo, na njaa imewahi kuwapiga mara nyingi. Halmashauri inayoishi kwa kodi za watu wake ingewezaje kulingana na ile ya Kilimanjaro yenye kahawa? Bora serikali kuu ikusanye na kugawa. Nakubaliana na nusu ya hoja hii: ruzuku kutoka kwenye mfuko wa taifa ni lazima, na bila hiyo Singida isingekuwa na walimu wa kutosha hata siku moja. Nusu nyingine ndiyo inayonishinda. Kugawa fedha kwa usawa hakukuhitaji kuwaondoa wawakilishi waliochaguliwa na kuweka mahali pao kamati za maendeleo zilizoongozwa kwa mipango ya wakurugenzi wa kuteuliwa. Ndani ya miaka hiyo ya bila halmashauri zilipita operesheni za vijiji, zilizohamisha kaya nyingi za mkoa huu katikati ya miaka ya 1970, na hapakuwa na baraza la wilaya la kusimama na kuuliza kama eneo jipya lina maji. Mijini hali iliharibika hata kipindupindu kikalazimisha halmashauri za miji zirudishwe kwa sheria ya 1978. Sheria namba 7 ya 1982 ikazirudisha za wilaya, zikaanza kazi 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani mwaka huo kwamba kuzifuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia.

Tangu hapo uamuzi una njia yake, na inafaa kuitazama kwa karibu. Kijiji kinaitisha mkutano mkuu, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria, na wanakubaliana, tuseme, kujenga zahanati. Wanachangishana, wanasomba mawe na mchanga, wanapandisha kuta hadi kwenye lenta. Ombi la kuezeka linapita kamati ya maendeleo ya kata, linaingia kwa wakuu wa idara wilayani, kisha kwenye kamati za kudumu za madiwani: ile ya fedha, uongozi na mipango, ambayo kwa kawaida hukutana kila mwezi, ile ya uchumi, ujenzi na mazingira, na ile ya elimu, afya na maji. Mwishoni linafika kwenye baraza zima, linaloketi kila robo ya mwaka. Mwenyekiti huingia na joho lake, dua inasomwa, ajenda zinaridhiwa, muhtasari wa kikao kilichopita unathibitishwa, halafu yanafuata yatokanayo, taarifa za kata na taarifa za kamati. Mkurugenzi mtendaji, ambaye ni mteule wa serikali kuu, anakaa kama katibu. Mgeni angeona ni taratibu kavu. Mimi naona kwamba hoja za muhtasari na yatokanayo ndizo silaha kubwa ya diwani wa vijijini, kwa sababu hapo ndipo jambo lililoahidiwa robo iliyopita hurudi mezani na mtaalamu hulazimika kulijibu kwa maandishi. Na sehemu kubwa ya kazi huwa imeshafanyika kwenye kamati. Anayelihukumu baraza kwa siku ya mkutano wa wazi peke yake amefika baada ya mashauri kukatwa.

Sasa tuurudie mfuko. Kodi ya maendeleo, iliyorudi pamoja na halmashauri, ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo uliokuwa kero. Hakuna mtu wa Singida aliyewaona mgambo wakiwafukuza watu vichakani kwa ajili ya kodi hiyo atakayeililia, na sidai irudishwe. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mwaka huohuo barabara za wilaya zikakabidhiwa TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2019 maji ya vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa serikali kuu wa maji vijijini. Kila hatua ina sababu yake ukiitazama peke yake. Mkulima wa alizeti alipumua, na wahandisi waliokusanywa kwenye wakala mmoja wanaweza kufanya kazi kwa ubora kuliko waliotawanyika. Lakini zipange pamoja, uone zilivyofanana na miaka ya 1969 hadi 1972, isipokuwa safari hii kikao kimebaki. Diwani anayepigiwa kelele kuhusu daraja lililokatika sasa anamhoji meneja ambaye hapokei mshahara wala bajeti kutoka kwa baraza hilo. Anajibiwa kwa adabu, na jibu linaingia kwenye muhtasari.

Kinachobaki chini ya mamlaka ya baraza ni mapato ya ndani, na kwa halmashauri nyingi za mkoa huu hayo ni sehemu ndogo ya bajeti. Sehemu iliyobaki ni ruzuku, nayo huja imeshapangiwa kazi. Mapato hayo ya ndani yanatoka kwenye magunia ya vitunguu, alizeti na dengu, minada ya mifugo, leseni na vibanda vya soko. Vitunguu ni mfano mzuri. Ushuru unapohesabiwa kwa gunia, mnunuzi ana sababu moja zaidi ya kushona lumbesa, gunia lililovimba hadi linahitaji kilemba cha kamba juu yake. Mkulima anapunjwa kilo zake na halmashauri inapunjwa ushuru wake kwa gunia lilelile. Kulizuia hilo kunahitaji mizani, sheria ndogo na watu wa kuisimamia usiku kwenye vizuizi, mambo ambayo baraza la wilaya linaweza kuyaamua na kuyafuatilia. Pale ambapo fedha ni ya madiwani, mjadala wao huwa mkali na wa kina. Hukumbuka hata kizuizi kipi kilikusanya kidogo. Sehemu za fedha ambazo sheria inazielekeza, kama asilimia 10 kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nazo hutoka hapohapo.

Watasema wengine kwamba tatizo ni madiwani wenyewe, kwa kuwa sheria inamtaka mgombea ajue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na mtu wa hivyo hawezi kuisoma taarifa ya mkaguzi mkuu. Taarifa hizo ni ngumu, ni kweli, na wapo madiwani wanaozipitisha bila kuzifungua. Ila mkulima wa Mtinko au Nduguti anajua bei ya bati na mfuko wa saruji kuliko wengi waliosoma, na hilo ndilo linalohitajika kugundua kwamba darasa moja limeandikiwa gharama ya mawili. Wengine wanaona dawa ni kugawa wilaya. Iramba ilizaa Mkalama, Singida ikazaa Ikungi, Manyoni ikazaa Itigi, na mkoa uliohesabiwa kuwa na watu 2,008,058 katika sensa ya 2022 una halmashauri saba. Ofisi zimesogea karibu na watu, jambo ambalo kwa mgonjwa au mwalimu anayefuatilia faili lake lina thamani kubwa. Lakini magunia ya vitunguu hayakuongezeka kwa kuchora mpaka, wakati idadi ya wakurugenzi, magari na wakuu wa idara wa kuhudumiwa iliongezeka.

Jaribio la kweli la hoja hii linaendelea sasa Ikungi. Mgodi wa dhahabu wa kampuni ya Shanta huko Mang'onyi ulianza uzalishaji mwaka 2023, na sheria inaipa halmashauri ushuru wa huduma unaotozwa kwa asilimia ndogo ya mapato ya biashara. Marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 yanaitaka pia kampuni ikubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wake wa kuisaidia jamii. Ni nadra kwa baraza la wilaya la mkoa huu kuwa na chanzo kikubwa ambacho hakitegemei mvua. Kama miaka michache ijayo kumbukumbu za vikao vya Ikungi zitaonyesha mijadala mirefu kuliko ya jirani zake juu ya zahanati ipi iezekwe kwanza na kwa nini, itakuwa vigumu kuendelea kusema kwamba madiwani wa huku hawakuwa na la kusema.