Bafle ya sabufa mu gari: namna ya kuhesabu lita za ndani

Sanduku la sentimita 60 kwa 40 kwa 35, ukizidisha vipimo vyake vya nje, linatoa lita 84. Lakini kama limejengwa na ubao wa milimita 18, ndani yake muko lita 64 na nusu tu. Karibu lita 20 zimepotea, sawa na bidon moja nzima ile ya manjano ya kuchotea maji. Hapo njo besi ya gari nyingi inaharibikia, na watu wanasema spika ni mbaya.

Muhumba, mtaa wa komini ya Ibanda kandokando ya ziwa Kivu, kama vile mahali pengine pa Bukavu, mwenye gari anayetaka besi kali ananunua sabufa peke yake, kisha anamwomba seremala amjengee bafle inayoingia vizuri mu kofre. Analipa ubao, kole, vise na kazi ya mikono. Ubao ukishakatwa vibaya haurudi. Hesabu ya dakika kumi mbele ya msumeno inamuokolea dola nyingi.

Kwanza, lita ngapi zinahitajika? Kila sabufa nzuri inakuja na karatasi, na hapo mwenye kuitengeneza anaandika ukubwa wa sanduku analotaka. Karatasi za Marekani zinaandika kwa futi za ujazo: futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo futi 1.25 ni lita 35 na kidogo. Herufi zingine zilizo kwenye karatasi, kama Vas na Qts, zinatokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyoitoa mwaka 1961, na ya Richard Small, aliyeiendeleza miaka ya 1970. Mbele yao mafundi walikuwa wanajaribu-jaribu tu. Spika isiyo na karatasi, ile ya kununua barabarani, ni kubahatisha. Afadhali kutafuta namba yake kwenye intaneti mbele ya kukata.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kila upande toa unene wa ubao mara mbili, maana kuna ubao huku na huku. Kwa ubao wa milimita 18 unatoa sentimita 3.6. Sanduku letu la 60 kwa 40 kwa 35 linabaki 56.4 kwa 36.4 kwa 31.4. Zidisha zote tatu, unapata sentimita za ujazo 64,463. Gawa kwa 1,000, ni lita 64.5.

Haijaisha. Spika yenyewe, na sumaku yake, inakula nafasi: kwa sabufa ya inchi 12 mara nyingi ni lita 2 mpaka 4, na karatasi inasema. Tuweke 3. Vipande viwili vya kukaza sanduku, kila kimoja 5 kwa 5 kwa 36.4, vinakula lita 1.8. Kama kuna bomba la kupumulia, hesabu unene wake wa nje: bomba la plastiki la milimita 110, urefu wa sentimita 25 ndani ya sanduku, ni lita 2.4. Jumla 7.2. Kwa hiyo hewa inayofanya kazi ni lita 57.3, si 84.

Juu ya bomba, kosa linauma zaidi. Bomba hilo, kipenyo cha ndani kikiwa kama sentimita 10.4, kwenye lita 84 lingelia karibu na hezi 31. Kwenye lita 57 linapanda mpaka hezi 37 hivi. Chini ya hapo hewa ya sanduku haishikilii tena spika. Inarukaruka bila kizuizi, na ukiongeza ampli, bobine inagonga au inaungua. Sanduku lililofungwa kabisa, lile Edgar Villchur wa Marekani alilolifanya lijulikane tangu mwaka 1954, linasamehe zaidi: likiwa dogo, besi inakuwa ngumu na haishuki, likiwa kubwa kupita kiasi, spika inatembea mbali sana.

Njia ya kurudi nyuma njo seremala anayoihitaji. Tuseme karatasi inataka lita 35, sanduku lililofungwa. Ongeza 3 za spika na 1 ya vipande vya kukaza: 39. Kofre inaruhusu ndani kimo cha 36 na upana wa 45. Zidisha: 1,620. Gawa 39,000 kwa 1,620, kina kinakuwa sentimita 24.1. Vipimo vya nje basi ni 39.6 kwa 48.6 kwa 27.7. Hakikisha tu sumaku haigusi ubao wa nyuma.

Mgongo wa kiti cha nyuma umelala, kwa hiyo bafle nyingi zina kina kidogo juu na kikubwa chini. Jumlisha vyote viwili, gawa kwa mbili: 25 juu na 35 chini ni kama 30. Pima ndani kwa metre, maana ubao uliolala unakula zaidi ya unene wake.

Asiyependa hesabu anaweza kupima kwa maharagi makavu. Mbele ya kuweka spika na bomba, jaza sanduku kupitia tundu, ukihesabu bidon za lita 5 zilizosawazishwa. Kisha toa lita za spika na za bomba. Maji hapana: ubao wa unga wa mbao unavimba, na hapa mvua peke yake inatosha kuuharibu. Multipleksi inavumilia zaidi.

Barabara zetu zinatikisa. Kole na vise pamoja, si misumari tu, na silikoni kwenye kila pembe. Likishakauka, piga muziki wa besi polepole na upitishe mkono uliolowa kwenye maungio. Kama unasikia upepo mahali pasipo bomba, paka silikoni tena.