Takwimu, Michoro na Ukombozi: Funzo la mwaka 1900

Husemwa mara nyingi kwamba takwimu hazina upande. Tukichunguza historia tunaona kwamba madai hayo hayasimami.

Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtaalamu wa takwimu wa kampuni ya bima nchini Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba vifo vingi vya watu weusi vilitokana na asili yao, na kwamba mwishowe wangetoweka. Umaskini na makazi duni havikupewa uzito. Kwa namna hiyo, tarakimu zilitumika kuhalalisha ubaguzi, na kampuni za bima zikapata kisingizio cha kuwanyima weusi haki zao.

Mwanazuoni mweusi W.E.B. Du Bois alimpinga mwaka 1897. Kisha, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, yeye na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Atlanta walitayarisha chati zipatazo 60, zilizochorwa kwa mkono, kwa wino na rangi. Moja ilionyesha miaka 1790 hadi 1870: eneo kubwa jeusi la watumwa, na juu yake ukanda mwembamba wa kijani wa watu huru, mpaka utumwa ulipokoma. Nyingine ilionyesha kwamba wasiojua kusoma miongoni mwa weusi wa Marekani walikuwa na uwiano mdogo kuliko wa Urusi. Hoja ya asili ikavunjwa mbele ya macho ya walimwengu.

Lakini chati sahihi nayo yataka kusomwa kwa makini. Ardhi ya weusi wa Georgia ilipanda kutoka ekari 338,769 mwaka 1874 hadi zaidi ya milioni moja mwaka 1899. Hayo yalikuwa maendeleo ya jasho. Hata hivyo jimbo lote lina zaidi ya ekari milioni 36. Karibu nusu ya wakazi walikuwa na takriban sehemu tatu kwa mia ya ardhi! Mstari unaopanda waweza kuficha mgawanyo usio wa haki.

Paris ilimpa Du Bois medali ya dhahabu. Georgia, mwaka 1908, ilibadili katiba yake ili kuwanyang'anya weusi kura. Ukweli ulikuwa umeonyeshwa, lakini wenye mamlaka hawakukosa habari. Walikuwa na maslahi ya kulinda. Ndiyo maana Du Bois hakuishia kwenye chati. Mwaka 1909 alishiriki kuunda chama cha kutetea haki za weusi, na mwaka 1945 alikuwa Manchester kwenye Kongamano la Umoja wa Waafrika, pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta.

Basi kada anapoikuta chati ukutani mwa ofisi, na aulize: Nani amehesabu? Amelinganisha na nini? Nani ameachwa nje? Na baada ya kuona, nani atatenda? Mchoro humulika njia. Kutembea ni kazi ya watu waliojipanga.