Mwaka wa Kwanza wa Shule Yetu ya Sekondari (1993–1994)



Komite ya Jubile iliniomba niandike juu ya mwanzo wa shule yetu ya sekondari, kwa sababu mbili. Kwanza, nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa mwaka ule, kabla sijapelekwa seminari ndogo. Pili, ni mimi ninayetunza sanduku la karatasi za zamani za parokia. Nimesoma tena daftari mbili zilizomo: rejista ya wanafunzi, iliyoandikwa na prefe kwa mwandiko mzuri wa wino, na daftari ya mweka-hazina wa komite ya wazazi, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi na kuliwa na mchwa pembeni. Zote mbili ni za mwaka mmoja na shule moja, lakini hazisimulii habari moja.

Inchi yetu ya kando ya Tanganyika haikukosa shule tangu zamani. Mapadri Weupe walipokea boma la Mpala katika mwaka wa 1885, wakaanzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu, katika mwaka wa 1893. Na ni katika shule za misioni hizo alimotoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza kati ya wana wa Kongo ya siku hizi. Wazee wetu walijisifu sana kwa habari hiyo, na walikuwa na haki. Lakini njia ile ilikuwa ya wale walioitwa kuwa mapadri, makatekista na walimu. Mtoto wa mvuvi asiyekuwa na wito wa namna hiyo, alipomaliza kilasi ya sita, alirudi kwenye nyavu za baba yake, ao alitumwa kwa mjomba huko Kalemie, akalale jikoni na kuchota maji ya nyumba nzima kama malipo ya masomo yake. Wengi walirudi kabla ya mwaka kwisha.

Ombi la kuwa na sekondari yetu wenyewe lilikuwa la siku nyingi. Mwisho wa mwaka wa 1974 serikali ilichukua shule zote za misioni. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 ikarudisha uongozi wake kwa makanisa. Tangu hapo wazee hawakuacha kuandika barua. Ruhusa ilikuja katika mwaka wa 1993, na ninaweza kusema bila kukosea kwamba haikuweza kuchagua mwaka mbaya kuliko ule. Mshahara wa mwalimu ulikuwa umekufa mkononi kwa ginsi bei zilivyopanda. Walimu walikuwa wamegoma katika inchi nzima. Na wazazi walikuwa wameombwa watoe wenyewe kile kilichoitwa «prime», ili shule zisifungwe. Waliambiwa ni kwa muda kidogo tu. (Muda huo kidogo ulidumu zaidi ya miaka ishirini na mitano: ni katika Septemba 2019 tu serikali ilipoanza kuwaondolea wazazi mzigo huo, na tena kwa shule za msingi, si kwa sekondari.) Sisi tulikuwa na shida moja zaidi: shule yetu ilikuwa mpya, hakuna mwalimu wake hata mmoja aliyekuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Shule ilizaliwa mikononi mwa wazazi, na wazazi hawakuwa na kitu.

Tulianza katika Septemba 1993 ndani ya magazini ya zamani ya mapadri, iliyokuwa inanuka bado mafuta ya ngazi. Tulikuwa wanafunzi 38 wa mwaka wa kwanza, wavulana 30 na wasichana 8. Kila mmoja alikuja na kiti chake kichwani, na jioni alirudi nacho, maana nyumbani pia walikihitaji. Ubao tuliutengeneza sisi wenyewe: mbao zilizotolewa katika mtumbwi uliovunjika, zikapakwa makaa ya pile zilizokufa, yaliyotwangwa na kuchanganywa na majani ya muhogo. Prefe alifundisha hesabu na Kifransa; walimu wawili waligawana yaliyobaki. Kitabu cha jeografia kilikuwa kimoja, na mwalimu alikiandika chote ubaoni, ukurasa kwa ukurasa, nasi tukakinakili. Hata leo nakumbuka majina ya mito ya Siberia kuliko ya mito ya Marungu.

Feza za mwezi wa kwanza zilikusanywa vizuri. Mweka-hazina, mzee mmoja aliyekuwa amewahi kuwa karani wa pamba, alizifunga kwa kamba na kuziweka katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, akingoja mashua ya kwenda kununua vitabu, chaki na karatasi. Ndipo katika Oktoba radio ilipotangaza zaire mpya: moja kwa zaire za zamani milioni tatu. Banki ilikuwa mbali, mashua ilikawia, na wachuuzi wa pwani walikuwa wamekwisha kukataa noti za zamani hata kwa kipande cha sabuni. Mashua ilipofika, feza ya sanduku lile haikutosha hata nauli.

Watu walisema mzee aliikula. Yalisemwa kisimani, yalisemwa sokoni, na mara moja yalisemwa mbele ya mlango wa kanisa baada ya misa, mimi mwenyewe nikisikia. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika: nimehesabu daftari yake mara tatu, mstari kwa mstari, na hakuna pungufu. Kosa lake lilikuwa moja, kutunza vizuri karatasi ambayo wakubwa wa inchi walikuwa wanaiua. Mzee yule alifariki bila mtu kumwomba radhi.

Jumapili iliyofuata, paroko aliita wazazi wote. Mkutano ulidumu toka misa mpaka jua la saa tisa. Wengine walitaka shule ifungwe, tungoje miaka mizuri. Mama mmoja mjane, ambaye hakuzoea kusema mbele ya watu, alisimama na kuuliza kama walimu wanakula noti ao wanakula ugali. Kicheko kilikuwa kikubwa, na shauri lilikwisha hapo. Waliamua kila nyumba ilete kila mwezi kwa kila mwanafunzi beseni mbili za unga wa muhogo, na kipimo cha maharagi ao cha ndagala kavu. Kwa chakula hicho shule iliishi.

Lakini nisidanganye mtu. Beseni mbili za unga ni kazi: kungoa muhogo, kulowesha, kuanika, kutwanga, kuchunga, kubeba. Kazi hiyo haikufanywa na wavulana waliokuwa wanasoma, wala na baba zetu. Na nyumba iliyokuwa na watoto wawili wenye umri wa sekondari haikuweza kutoa beseni nne. Yaya yangu alikuwa ameshinda mtihani wa kilasi ya sita pamoja nami, tena kwa maksi za juu kuliko zangu. Baba alisema: «Mwaka ujao atasoma yeye.» Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaamini, maana ilinifaa kuamini. Mwaka uliofuata akaolewa. Na kati ya wasichana 8 wa Septemba, walibaki 3 wakati wa Pasaka.

Tarehe 2 Julai 1994 prefe alisoma matokeo mbele ya kanisa, chini ya mwembe. Rejista ilifungwa na majina 29. Wa pili katika kilasi alikuwa msichana, mmoja wa wale 3. Watu walipiga vigelegele, wakatunyunyizia unga kichwani kwa furaha, kama desturi ilivyo; nami nilikasirika kidogo, kwa kuwa unga ule ungeweza kumlipa mwalimu wa jeografia. Mambo ya miaka iliyofuata, vita ya 1996 na ile ya 1998, na paa iliyochukuliwa bati kwa bati, yataandikwa na mwingine.

Nirudi kwenye daftari ya kalamu ya risasi. Mzee mweka-hazina, baada ya kusingiziwa, hakutaka tena kupokea kitu bila shahidi. Tangu Novemba, kando ya kila beseni aliandika jina la aliyeileta mlangoni. Hivi daftari yake ina majina ambayo rejista haina: watu 17 waliobeba, na 13 kati yao ni wasichana wa umri wetu. Jina la yaya yangu limo mara nane, toka Novemba mpaka Juni, bila mwezi mmoja kukosekana.

Daftari zote mbili zitawekwa juu ya meza katika sakristia siku zote tatu za sikukuu. Anayetaka kutafuta jina la mama yake aje, lakini afungue pole pole, kwa sababu ya mchwa.