Hopi: Kwa nini bia ya nyanda za juu huhitaji mchemko mrefu zaidi

MAUA ya hopi ndiyo huipa bia uchungu, harufu na uwezo wa kukaa bila kuharibika upesi. Hata hivyo, uchungu unaofika kwenye glasi hautegemei tu uzito wa maua yaliyotiwa sufuriani. Hutegemea pia muda wa kuchemsha na joto la mchemko, na katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet joto hilo liko chini kuliko linalotajwa katika maelezo mengi ya Ulaya na Marekani.

Pombe ya kienyeji ya maeneo hayo, busaa, haitiwi hopi. Unga wa mahindi huchachishwa, hukaangwa, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Ukali wake hutokana na uchachu. Bakteria wanaouleta huendelea na kazi yao hata baada ya pombe kuiva, ndiposa busaa huharibika baada ya siku chache.

Hopi huwazuia bakteria wengi wa aina hiyo. Mmea huu wa kutambaa ni wa jamii moja na bangi, ingawa haulevyi. Ili utoe maua vyema huhitaji mchana mrefu wa kiangazi na majira ya baridi ya kupumzika. Kericho, ambako mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, hauna mazingira hayo. Ndiyo maana hopi hununuliwa ikiwa imekaushwa, mara nyingi katika umbo la vidonge, kutoka nchi kama Ujerumani, Marekani na Jamhuri ya Czech. Barani Afrika, hupandwa karibu na mji wa George, Afrika Kusini.

Joto na mwinuko

Ndani ya ua la hopi mna asidi za alfa. Asidi hizi haziyeyuki vyema majini hadi joto lizigeuze umbo, na ni baada ya mageuzi hayo ndipo zinapoleta uchungu. Mageuzi hayo huchukua muda, na kila joto linaposhuka, nayo hupunguza kasi.

Mombasa, maji huchemka yafikapo nyuzijoto 100. Mjini Kericho, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka yafikapo takriban 93. Kuongeza kuni hakuongezi joto hilo. Huongeza mvuke tu. Utafiti wa Malowicki na Shellhammer uliochapishwa mwaka 2005 ulipima kasi ya mageuzi ya asidi za alfa katika viwango mbalimbali vya joto. Kwa vipimo vyao, kasi katika nyuzijoto 93 ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya nyuzijoto 100.

Kwa hivyo, kazi inayofanywa na mchemko wa dakika 60 Pwani huhitaji karibu dakika 105 Kericho. Anayetaka kuokoa kuni anaweza kuchemsha kwa dakika 90 na kuongeza hopi kwa karibu asilimia 15.

Chukua mfano wa lita 20. Gramu 30 za hopi yenye asidi za alfa asilimia 5 zina gramu 1.5 za asidi hizo, yaani miligramu 75 kwa kila lita. Hata mahali pa chini, kwa kawaida chini ya thuluthi moja ya kiasi hicho ndicho hufika kwenye glasi, kwa kuwa nyingine hupotea katika povu, mashapo na hamira.

Mpango wa kutia

Hopi ya uchungu hutiwa mwanzoni, baada ya povu la kwanza kutulia, la sivyo sufuria hufurika. Mafuta yanayoleta harufu, kinyume chake, hutoroka na mvuke. Hopi ya harufu basi hutiwa dakika tano za mwisho au moto ukishazimwa. Kisha maji ya kimea hupozwa haraka, hadi chini ya nyuzijoto 20 au kiwango kinachofaa hamira iliyochaguliwa.

Hopi iliyobaki ihifadhiwe kwenye baridi, ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kwani joto na hewa hupunguza asidi za alfa. Bia nayo iwekwe gizani au katika chupa za rangi ya kahawia. Mwanga ukigusana na uchungu wa hopi huzua harufu mbaya.

Mipaka ya hopi

Hopi haizuii kila kiumbe kinachoharibu bia, wala haiondoi sumu. Mchemko nao hauiangamizi sumu-kuvu ya aflatoksini inayotokana na nafaka yenye ukungu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Aidha, uchungu hauwezi kuitakasa pombe iliyochanganywa na methanoli.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 nayo inamtaka mtengenezaji na muuzaji wa pombe awe na leseni, iwe na hopi au isiwe nayo. Na kabla ya kupima gramu za hopi au kuhesabu dakika za mchemko, nafaka yenye ukungu haina budi kutupwa.