Kikomo si kujaa

Flashi ina nafasi ya gigabaiti 20, filamu ina gigabaiti 5, na bado kompyuta inakataa kuinakili. Watu husema, "Flashi imejaa." Haijajaa. Neno la hapa ni kikomo, kutoka kitenzi koma, na ni muhimu tulitumie, kwa kuwa neno lisilo sahihi humfanya mtu afute picha zake bure.

Kujaa ni habari ya nafasi. Kikomo ni pale hesabu inapoishia. FAT32 iliyomo kwenye flashi hiyo, mfumo wa kuhifadhi mafaili uliokuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996, huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32 tu. Namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 4,294,967,295. Faili likizidi hapo hata kwa baiti moja, ukubwa wake hauna pa kuandikwa. Programu nyingi za Linux kwenye kompyuta za zamani za biti 32 zilibanwa zaidi: biti moja ilitengwa kwa alama ya hasi, kikomo kikashuka hadi baiti 2,147,483,647, hata kama diski ilikuwa tupu.

Wapo wanaoandika "ukomo". Hilo naona linafaa zaidi kwa hali, kama ukomo wa uongozi.

Fundi, mteja akija na flashi ya namna hiyo, mwambie faili limezidi kikomo. Hamisha vilivyomo kwanza, ndipo uifomati kwa exFAT, mfumo ambao kikomo chake ni kikubwa zaidi.