Jinsi ndege wanavyosafirisha viumbe wasioonekana kwa macho

HEROE anapoondoka Ziwa Nakuru usiku na kutua Bogoria kabla ya mapambazuko, huenda hasafiri peke yake. Katika matope yaliyoganda miguuni pake, baina ya manyoya yake na hata tumboni mwake, yaweza kuwamo mayai ya wanyama wadogo mno ambao binadamu hawezi kuwatambua pasipo hadubini.

Wanyama hao hawana mabawa, wala hawawezi kutambaa juu ya nchi kavu kutoka ziwa moja hadi jingine. Hata hivyo, aina zile zile hupatikana katika maziwa na vidimbwi vilivyotengana kwa mamia ya kilomita. Swali la jinsi wanavyofika huko limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 150, na jibu lake lina uzito kwa nchi yenye maziwa mengi kama Kenya.

Viumbe wenyewe

Wanaozungumziwa hapa ni wanyama kamili, wala si bakteria. Kundi moja ni rotifa, ambao wengi wao hawafikii urefu wa nusu milimita. Hao hujilisha kwa vinyweleo vilivyouzunguka mdomo, ambavyo vinapochezacheza huonekana kama gurudumu. Rotifa ni miongoni mwa wanyama wachache wanaostahimili magadi ya Ziwa Nakuru.

Kundi la pili ni tadigredi, waliopewa jina la utani la 'dubu-maji'. Wana miguu minane na kwa kawaida hawazidi milimita moja. La tatu ni viroboto-maji, ambao licha ya jina hilo hawana uhusiano na viroboto wa mbwa. Hao ni jamaa wa kamba, na aghalabu ni chakula cha samaki wadogo.

Siri ya safari zao ni uwezo wa kulala. Maji yanapokauka, baadhi ya rotifa na tadigredi hunyauka wakawa kama chembe za vumbi, na uhai wao ukawa kana kwamba umesimama. Wakipata maji, huamka. Mwaka wa 1702 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitia maji katika vumbi kavu lililotoka katika mfereji wa paa, akaona wanyama hao wakifufuka. Mnamo 2021 wanasayansi wa Urusi walitangaza kwamba rotifa waliotolewa katika ardhi iliyoganda ya Siberia walirejea uhai baada ya miaka ipatayo 24,000.

Kiroboto-maji hutumia mbinu nyingine. Hali ikiwa mbaya, jike hutaga mayai, kwa kawaida mawili, ndani ya kifuko kigumu chenye umbo linalofanana na tandiko la farasi. Kifuko hicho chaweza kuzama matopeni na kukaa miaka mingi, au kuelea na kunasa kwenye manyoya ya ndege.

Miguu ya bata

Aliyelipa suala hili uzito wa kwanza ni Mwingereza Charles Darwin. Katika kitabu chake maarufu kuhusu asili ya spishi, kilichotoka mwaka wa 1859, alieleza jinsi alivyoning'iniza miguu ya bata majini mahali ambapo mayai ya konokono yalikuwa yakianguliwa. Vikonokono vilijishika sana miguuni, navyo viliishi nje ya maji, katika hewa yenye unyevu, kwa saa 12 hadi 20. Darwin alikadiria kwamba katika muda huo bata au korongo angeweza kuruka maili 600 au 700, yaani takriban kilomita 1,000.

Aidha, alichota vijiko vitatu vya matope katika kidimbwi na kuyatunza kwa miezi sita. Mimea 537 ikachipuka humo. Ikiwa tope dogo hivyo lilibeba mbegu nyingi kiasi hicho, ni dhahiri kwamba hata lile linalogandama ukuchani haliwi tupu.

Njia ya pili ni tumbo. Ndege wa majini humeza mayai hayo pamoja na chakula. Mengi husagwa, lakini machache hupita salama na kutoka na kinyesi saa kadhaa baadaye. Utafiti wa Andy Green na wenzake uliochapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba mayai ya atemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi, yalitoka yakiwa hai katika kinyesi cha ndege wa pwani huko Uhispania na Ureno. Atemia wa asili ya Marekani, aliyesambazwa na binadamu kwa ajili ya ufugaji wa samaki, amewafukuza wenyeji katika mashamba mengi ya chumvi huko.

Jambo hilo haliko mbali na Kenya. Atemia wa aina hiyo hiyo alitiwa katika mashamba ya chumvi ya pwani, kaskazini mwa Malindi, katika miaka ya 1980. Kila mwaka vitwitwi na ndege wengine wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hufika kujilisha katika pwani hiyo.

Funzo la Naivasha

Mfano ulio wazi zaidi umo Ziwa Naivasha. Mwaka wa 2006 watafiti wakiongozwa na Joachim Mergeay walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mayai yaliyozikwa katika matope ya ziwa hilo. Waligundua kwamba kiroboto-maji kutoka Marekani alikuwa ameingia na, katika muda wa miaka 60, kumwondoa kabisa ndugu yake wa Kiafrika. Inadhaniwa aliletwa pamoja na samaki wa Kimarekani, aina ya besi, waliotiwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920.

Linaloshangaza ni kwamba wenyeji walikuwa wengi mno, tena wakiwa na akiba kubwa ya mayai matopeni. Mgeni huyo huzaa bila dume, na wote ni nakala za mama mmoja. Kwa kiumbe wa namna hiyo, yai moja tu latosha kuanzisha ukoo mzima. Leo ameenea barani kote alikoishi yule wa asili.

Je, ni ndege waliomsambaza baada ya Naivasha, au ni binadamu na nyavu na samaki wake? Yaelekea wote wamechangia. Ni kweli kwamba kufika si kukaa: wasafiri wengi hufa kwa chumvi au magadi wasiyoyazoea, au hukuta wenyeji wamekwisha kujaza nafasi. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Maelfu ya ndege, mwaka baada ya mwaka, hugeuza bahati nasibu kuwa jambo la kutarajiwa.

Safari hizo zina faida yake. Kidimbwi kilichokauka hupata wakazi upya mvua inyeshapo, na samaki na ndege wakapata chakula. Kwa sababu hiyo maziwa ya Nakuru, Bogoria na Elmenteita, yaliyoingizwa pamoja katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2011, hayawezi kuhifadhiwa kama visiwa, kila moja peke yake.

Hata hivyo, mlango huo huo unaompitisha mwenyeji humpitisha na mgeni mharibifu. Anayetia samaki wa kigeni katika bwawa lake hawezi kusema kwamba bwawa lina ua. Heroe, mwari na bata hawaujui ua huo. Mahali pa kumzuia mgeni ni kabla hajaingia katika maji ya kwanza.