GeForce GTX 1650 na Radeon RX 580
GeForce GTX 1650 (Nvidia, 2019) na Radeon RX 580 (AMD, 2017) ni kadi za michoro za kompyuta. Kwa nguvu, RX 580 inatangulia: toleo lake la GB 8 hupitisha data GB 256 kwa sekunde, ilhali GTX 1650 ya awali yenye GB 4 hupitisha 128. Lakini RX 580 hula wati 185 na hudai waya wake wa umeme. GTX 1650 hutosheka na wati 75 za tundu la ubao mama. Mpinzani atasema kumbukumbu ndogo hulemewa mapema, na kwa kuhariri video ana haki. Hata hivyo, fundi wa Mikinduri, Meru, anayefufua kompyuta ya ofisini ya mtumba yenye pawasaplai ndogo, afadhali achague kadi ambayo mashine yake inaimudu.